Kabla Hujavaa Viatu vya Theluji

Mwanangu Zaina, mama yangu kwa jina,

Salamu zangu utazikuta hapa kwenye karatasi kwa sababu mdomoni zimekataa kutoka. Tangu jana nakuona ukipita uani na nguo zako mkononi, nami najifanya nina kazi. Leo baada ya sala ya alasiri nimefunga mlango wa kibanda, nimemwambia mteja mmoja arudi keshokutwa, nikakaa kwenye kigoda changu. Karatasi hizi nimezichana nyuma ya daftari la vipimo vya miguu, ndiyo maana zina mistari ya ajabu. Mvua ya Januari unaijua, hakuna atakayenitafuta mpaka magharibi.

Pasipoti, nguo za ndani, namna ya kuwajibu watu wa uwanja wa ndege, hayo mama yako amekwisha kukuambia, na kila akimaliza anaanza upya. Shangazi yako Asha amekufungia samaki kavu wa Pweto ndani ya magazeti manne, kana kwamba mbwa wa forodha ya Kanada hawana pua. Mimi siyaingilii. Nina jambo moja tu, nalo ni mguu wako wa kushoto. Najua hupendi utajwe. Nisome mpaka mwisho, halafu ukasirike.

Uliposema mwaka jana kwamba umepata nafasi ya kusomea utalii huko, na kwamba chuo kimekutafutia kazi ya saa chache katika klabu ya watu wanaotembea juu ya theluji, nyumba nzima ilicheka. Asha aliuliza, “Banakulipa juu ya kutembea mu frigo?” kana kwamba Kanada nzima ni friji moja. Nami nilicheka, tena kwa sauti kubwa kuliko wote. Nilidhani ni jambo la kupita. Nilidhani baridi yenyewe itakukatisha tamaa, wewe ambaye mwezi wa Saba hapa Lubumbashi hutoki kitandani kabla jua halijapiga ukuta wa jirani.

Kumbe ulikuwa hutanii. Jioni ulikaa na simu yako ukitazama video za ile klabu, na siku moja ulinipa nami nitazame. Madame Lucette, yule mama anayeongoza klabu, mwenye kofia nyekundu, alikuwa anaonyesha ratiba yao ya msimu wa baridi. Nilienda kwa watu wa fotokopi wakanitolea ratiba hiyo kwenye karatasi, na mpaka leo imebandikwa hapa ukutani juu ya makopo ya gundi. Wateja wananiuliza ni karatasi ya dini gani. Jumatano watoto wanafundishwa ski, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji. Ijumaa jioni ni matembezi msituni kwa raketi, ndivyo viatu vyao vya theluji, kila mtu na taa yake kichwani, na wakirudi wanakunywa supu ya njegere. Jumapili wanachama wanatoka na mashine kusawazisha njia, wanachora ile mifereji miwili ambamo ski zinapita. Wewe utakuwa katika nyumba yao ya mbao, unapokea watu, unawaazima vifaa, na siku nyingine unafuata kundi kwa nyuma ili asiachwe mtu. Na Jumamosi ya kwanza baada ya wewe kufika, imeandikwa: safari ya siku nzima ya raketi, kuvuka ziwa lililoganda mpaka kibanda cha ng'ambo, na kurudi. Wapya wanakaribishwa. Madame ameandika kwamba jina lako limekwisha kuingia.

Wengine wakitazama zile video wanaona miti na weupe. Mimi naona viatu. Hiyo ndiyo laana ya kazi yangu, hata msikitini macho yangu yanabaki mlangoni. Nilitazama jinsi kiatu cha ski kinavyoshikwa: kimefungwa kwenye ncha tu, mbele ya vidole, na kisigino kinapanda na kushuka chenyewe, kama mtu aliyevaa kandambili. Raketi nazo, vile vitu vipana kama ungo wanavyofunga chini ya buti wasizame, mkanda wake unapita juu ya mguu palepale vidole vinapoanzia. Kwa hiyo kazi yote ya huko ni ya vidole. Ndivyo vinavyosukuma, ndivyo vinavyobeba, ndivyo vinavyopata baridi kwanza. Mguu wako wa kushoto una vitatu. Nilikurudishia simu nikasema ni nzuri, nikatoka nje kunawa uso.

Tumekaa miaka kumi na mitatu bila kuliongelea hili. Mbele ya watu tunasema ulikatwa vidole kwa sababu ya kidonda, basi. Kidonda kilitoka wapi, hakuna anayeuliza, na mimi nilifurahi wasiulize.

Ulikuwa na miaka tisa. Ilikuwa ile wiki ya mwisho ya Ramadhani, unajua kibanda kinavyokuwa, kila baba wa Bel-Air na Hewa Bora anataka viatu vipya vya watoto wake kabla ya swala ya Idi. Nilishona mpaka vidole vikavimba. Nilimaliza vya watoto wa watu wote, nikabaki na vyako, na siku ilikuwa imekwisha. Kalibu ya mti ya kipimo chako, ule mguu wa mti tunaoshonea kiatu juu yake, nilikuwa nimeivalisha kiatu cha mtoto mwingine, gundi haijakauka. Nikachukua kalibu iliyo ndogo kuliko hiyo kwa namba moja. Nilijua. Nataka uelewe kwamba nilijua. Nilijiambia ngozi ni laini, akitembea itafunguka, na tena baba yangu aliyenifundisha kazi alitoka Kasongo na msemo wake: kiatu kipya lazima kibane, kisipobana leo kesho kitakuwa mashua. Nimewaambia wateja maneno hayo maelfu ya mara na wengi wao walirudi kunishukuru.

Vilikuwa vizuri sana. Vyekundu, na kifungo cha shaba. Ulivivaa asubuhi ya Idi ukazunguka uani mama yako akupige picha. Halafu tukaanza kutembelea ndugu kwa miguu, nyumba kwa nyumba, mpaka kwa babu yako mdogo kule Hewa Bora. Sebuleni kwake watu walikuwa wamejaa, na mmoja wao alikuwa ametoka kusifu viatu vyako, akiniuliza kama ninaweza kumshonea binti yake vya namna hiyo. Ndipo uliponivuta kanzu.

“Baba, kilato ya kushoto inaniuma.”

Watu wakageuka kutazama kiatu chako. Mimi nikacheka, nikakujibu kwa sauti ya kusikiwa na wote: “Mutoto wa fundi ya bilato haliake juu ya kilato. Vumilia, itafunguka.”

Wakacheka nao. Nimeikumbuka sura yako ile mara nyingi, ulivyotazama chini halafu ukatabasamu ili kunisaidia. Ulivivaa siku tatu za Idi, na baada ya hapo ukavivaa shule kwa sababu nilikuuliza mbona huvivai. Hukusema tena kwamba vinauma. Kwa wiki tatu ulivaa soksi hata kulala, na sisi tukadhani ni baridi. Mpaka asubuhi uliposhindwa kuinuka, mwili unachemka, na mama yako akavuta soksi ile. Harufu ile ninaikumbuka hata sasa, ingawa nimekaa maisha yangu yote kati ya gundi na ngozi mbichi.

Hospitalini daktari aliuliza kwa ukali ni muda gani mtoto huyu amekuwa na kidonda, na wazazi walikuwa wapi. Mimi nilisimama pale na kofia mkononi. Wewe, na homa yako, ndiye uliyejibu.

“Ni miye nilificha. Baba hakukuwa anajua.”

Uliniokoa, Zaina. Mtoto wa miaka tisa alifunika aibu ya baba yake mbele ya daktari, na baba akakubali kufunikwa. Kidole cha mwisho na kinachokifuata walivikata siku ile ile. Viatu vyekundu nilivichoma nyuma ya choo, na mama yako aliponiuliza viko wapi nilisema nimempa mtu. Sijawahi kumwambia kuhusu ile kalibu ndogo. Kesho ukishaondoka nitamwambia, na sijui atanitazama vipi.

Tangu hapo hukuniruhusu tena kukupima. Hukusema hapana, ulisema tu kwamba umepata viatu sokoni, kwamba vimekutosha, usijisumbue, baba. Katika daftari hili kuna miguu ya mtaa mzima, wengine wamekwisha kufa na miguu yao bado iko humu, lakini wako unakomea miaka tisa. Nimeona jinsi unavyovua viatu vyako ukiwa peke yako, jinsi unavyoingiza mguu chini ya mkeka ukikaa na wenzako. Rafiki zako wa tangu shule ya msingi hawajauona. Niliona yote hayo na nikanyamaza kwa sababu kila nilipotaka kusema nilijisikia kama mwizi anayerudi kuuliza kama kuna kilichopotea.

Na kila mwezi wa Sita na wa Saba nakuona uani asubuhi, unausugua ule mguu kwa mikono miwili, umekuwa mweupe na hausikii. Mara moja mama yako alikumwagia maji ya moto juu yake kwa bahati mbaya, na hukushtuka mpaka ulipoona mvuke. Hapa kwetu hiyo ni baridi ya kuvaa sweta tu, ikifika saa nne imekwisha.

Sasa nifike kwenye kosa la pili, ambalo ni baya zaidi kwa sababu safari hii nilikuwa na mvi na nilikwisha kuona matunda ya lile la kwanza. Mwezi wa Kumi klabu ilikutumia fishi, ile fomu ya kujaza habari za afya yako. Ulikuja nayo hapa kibandani, ukasimama mlangoni. Ulikuwa na wasiwasi, niliona.

“Baba, hapa banauliza kama nilishaka kupata kitu mubaya ku miguu. Niandike nini?”

Ungeweza kumuuliza mama yako. Ungeweza kuandika mwenyewe bila kuniuliza. Ulikuja kwangu baada ya miaka yote ile, na nadhani ulikuwa unanifungulia mlango. Mimi nikaogopa kwamba wakijua watakunyima kazi, kazi ikikosekana chuo kitakosekana, na wewe utaniambia ni kwa sababu ya mguu, na mguu ni kwa sababu yangu. Sikuinua hata kichwa kwenye kisigino nilichokuwa napigilia.

“Andika rien,” nikakuambia. “Ukiandika ile, batakukatala.”

Ukaandika rien, yaani hakuna kitu. Kwa mara ya pili nimekufundisha kuficha.

Wiki mbili zilizopita Madame Lucette alituma video nyingine, ya kuwafundisha wapya namna ya kujilinda na baridi. Hukuwepo, niliitazama peke yangu kwenye simu ya Asha, mara tatu ili nishike Kifaransa chake, maana anakitafuna. Alisema buti za huko lazima ziwe na nafasi, vidole viweze kucheza ndani, kwa sababu kiatu kinachobana kinafunga damu na mguu unaganda. Alisema mguu ukiuma ni heri, ni mguu unaoongea. Hatari ni pale unapoacha kuuma. Mtu anadhani amezoea, anaendelea kutembea na wenzake, na akivua buti jioni vidole vimekwisha kufa. Ndiyo maana kwenye kila mapumziko wanaulizana hali ya vidole.

Nilikaa na simu ya Asha mkononi nikawaza, mguu ambao hausikii maji ya moto utamwambia nini mwenye nao?

Halafu nikainuka nikaenda kwenye valizi yako ya safari. Zile buti nilizokushonea kwa siri, za ngozi ya ng'ombe na ndani manyoya ya kondoo, ulizozipokea kwa heshima ukaziweka bila kuzijaribu mbele yangu, nilizitoa nikaingiza mkono ndani. Nilikuwa nimezishona kwa kukisia kwa macho, na nilikuwa nimezibana. Mkono wangu umezoea, haujui kushona vingine. Ukitafuta leo hutazikuta, usimlaumu mtu. Niliwaza kuzivua soli nianze upya, lakini hata nikizipanua, mimi ninajua nini kuhusu theluji? Sijawahi kuigusa. Nimeshona viatu vya wachimba shaba, vya mabwana harusi, vya mtu mwenye mguu mmoja, na kwa safari ya mwanangu mwenyewe sina ninachoweza kumvisha. Nunua buti huko. Nunua zilizo kubwa, na muuzaji akikuambia zitazoea mguu wako, toka dukani kwake.

Nikajaribu jambo la mwisho nililoweza. Juzi nilimpigia Madame. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi ili nisikosee: binti yangu amekatwa vidole viwili, mguu wake hausikii baridi. Akapokea, sauti ya furaha, akasema wote wanakungoja, watoto wa Jumatano wamechora picha ya Kongo na tembo ukutani. Karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Nikamuuliza hali ya hewa ikoje. Akasema digrii ishirini na mbili chini ya sifuri, lakini jua zuri. Nikasema merci, madame, nikakata. Nilitoka jasho na mvua ilikuwa inanyesha.

Baadaye nilijidanganya kwamba nilinyamaza kwa sababu mguu ni wako na si haki yangu kuutangaza. Kuna ukweli kidogo humo. Lakini ukweli mkubwa ni kwamba niliogopa, kama nilivyoogopa sebuleni kwa babu yako mdogo. Naogopa wakikurudisha. Naogopa zaidi wakikuchukua mpaka katikati ya lile ziwa na hakuna anayejua. Kati ya hofu hizo mbili nimezunguka siku nyingi, sijapata mlango wa kutokea, na kesho saa nne asubuhi wewe unapanda ndege. Baba anatakiwa awe na la kufanya. Mimi nimekaa hapa nahesabu siku za kufika Jumamosi.

Ndani ya bahasha hii nimetia karatasi ya hospitali ya wakati ule. Niliificha chini ya sanduku la misumari miaka yote. Haisemi kosa ni la nani, inasema tu nini kilikatwa. Ukitaka, mpe Madame kabla ya Jumamosi. Anaweza kukasirika kwamba tulidanganya kwenye fishi, na akikasirika mwambie ni baba yako aliyekuambia uandike vile, maana ndivyo ilivyokuwa. Usinifunike tena. Anaweza kukuambia ubaki kwenye nyumba ya mbao ukigawa raketi, usivuke ziwa. Anaweza kukuambia urudi nyumbani. Sijui, mama. Siwezi kukuahidi kwamba ukisema ukweli watakupokea vizuri, kwa sababu mimi mwenyewe sijaujaribu ukweli huo kwa mtu yeyote.

Nikikuambia mpe, nitakuwa nakuamuru tena juu ya mguu ambao nimekwisha kuuharibu kwa amri. Nikikuambia usimpe, nitakuwa mjinga mara tatu. Kwa hiyo sikuambii. Nakuambia tu kile ninachojua baada ya miaka thelathini na mitano ya kupiga magoti mbele ya miguu ya watu: kiatu kikimuuma mtu, ni kiatu kilichokosea. Nililijua hilo kwa wateja wote. Kwako tu ndiko nililisahau, kwa sababu ulikuwa wangu na watu walikuwa wanatazama.

Jua limeanza kushuka, mama yako anaita, nasikia na wewe ukicheka huko ndani na Asha. Nitakupa bahasha hii kesho uwanja wa ndege, mlangoni pale wanapotuzuia sisi wa kubaki, ili usiisome mbele yangu. Mungu akutangulie huko ambako mkono wangu haufiki, na akupe watu wenye macho.

Maana siku moja, kama si Jumamosi hiyo basi nyingine, utakuwa katikati ya weupe ule, wenzako wako mbele wanaongea, na mguu wa kushoto utakuwa umenyamaza. Hutataka kuwachelewesha. Hutataka kuvua soksi mbele ya wageni. Na kichwani mwako utanisikia nikicheka na kusema vumilia, itafunguka. Hiyo ni sauti yangu, siikatai. Usiitii. Kaa chini palepale juu ya theluji, vua buti, wape mguu wako wauone, wote wauone, na useme. Mimi sitasikia, nitakuwa hapa Bel-Air napigilia kisigino cha mtu mwingine. Sema hata hivyo.

Baba yako,
Ramazani